Zimwi linalokula ndoto mbaya, na mzazi anayesema "lala, ni ndoto tu"

Saa tisa usiku nyumba nzima imelala. Ghafla mtoto anapiga ukelele, anakimbilia chumbani kwa mama yake, jasho linamtiririka. "Mama, kuna kitu kilikuwa kinanifukuza." Mama, ambaye alfajiri anatakiwa kuwa kituoni akisubiri daladala, anamvuta kitandani, anamfunika shuka na kumwambia maneno yale yale ambayo naye aliambiwa na mama yake: "Lala mwanangu, ni ndoto tu."

Mtoto ananyamaza na mama anasinzia. Asubuhi hakuna anayeuliza kile kitu kilikuwa nini.

Nchini Japani, mtoto wa namna hiyo ana neno la kusema. Kwa imani ya zamani ambayo bado inasimuliwa, anayeamka kutoka kwenye ndoto mbaya humwita Baku mara tatu, akimwomba aje aile ndoto hiyo. Baku ni zimwi, lakini si kama mazimwi ya hadithi za bibi yanayokula watu. Hili chakula chake ni ndoto mbaya. Likishakula, ndoto hairudi tena.

Ni imani inayompa mtoto faraja. Hata hivyo, mchoraji mmoja wa vibonzo wa nchi hiyo aliichukua imani hiyo na kuiongezea swali ambalo kila mzazi angepaswa kujiuliza: je, ndoto mbaya iliwe tu na kusahaulika, au kwanza mtu aitazame?

Mgahawa wa chai wenye mteja wa ajabu

Vibonzo vyenyewe vinaitwa Yumekui Kenbun, kazi ya Shin Mashiba. Vilianza kutoka kidogo kidogo kwenye majarida ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha vikakusanywa katika vitabu 9. Toleo la Kiingereza lilianza kuchapishwa mwaka 2008 kwa jina la Nightmare Inspector. Kama ilivyo kwa vibonzo vingi vya Kijapani, ambavyo hujulikana kwa jina la manga, kitabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Hadithi inatokea Tokyo, miaka mia moja hivi iliyopita. Kuna mgahawa wa chai unaoitwa Ginseikan, na mhudumu wake ni dada mmoja, Mizuki. Lakini baadhi ya wanaoingia hawafuati chai. Wanamfuata Hiruko, kijana mkimya mwenye kofia na fimbo ya kutembelea. Kwa macho ni kijana wa kawaida. Kwa kweli ni Baku.

Wanaokuja ni watu waliochoka. Wapo ambao ndoto ile ile inawarudia usiku baada ya usiku hadi wanaogopa kulala. Hiruko hawatozi fedha. Malipo yake ni ndoto yenyewe, kwa sababu ndiyo chakula chake.

Mteja anategemea kazi iwe fupi: alale, zimwi lile, aamke amepona. Haiwi hivyo. Hiruko anaingia ndani ya ndoto pamoja na mwenye ndoto. Anazunguka humo kama mpelelezi, anakagua, anauliza maswali yasiyopendeza. Kwa nini mlango huu umefungwa? Huyu anayelia ni nani? Kwa nini wewe mwenyewe hutaki kumtazama usoni? Kuila ndoto ni jambo linalokuja mwishoni.

Mara nyingi mteja anagundua kuwa kinachomsumbua sicho alichodhani. Nyuma ya ndoto kuna marehemu ambaye hakuagwa, kosa ambalo halikuungamwa, au uongo ambao mtu alijiambia kwa muda mrefu mpaka akauamini. Wala si kila mteja anatoka pale akitabasamu. Wapo wanaoondoka na ukweli mchungu kuliko ndoto yenyewe.

Jina la vibonzo hivyo linabeba maana hiyo. Yumekui ni mla ndoto. Kenbun ni neno linaloandikwa kwa alama mbili za Kijapani, moja ya kuona na nyingine ya kusikia. Zimwi hili linakula, lakini kabla ya kula linaona na kusikia.

Japani iliyokuwa haipati usingizi

Si bure kwamba hadithi imewekwa katika kipindi kile. Wajapani hukiita kipindi cha Taisho, kilichoanza mwaka 1912 na kuisha mwaka 1926 kwa kufuata utawala wa mfalme wao. Kilikuwa kipindi kifupi, lakini mambo mengi yalibadilika. Tramu za umeme zilipita mjini. Migahawa ya mtindo wa Ulaya ilifunguliwa. Vijana walivaa kofia za Kizungu juu ya kimono, na wasichana walianza kufanya kazi za ofisini na madukani. Huko Ulaya, daktari Sigmund Freud alikuwa ameshatoa kitabu chake kikubwa kuhusu tafsiri ya ndoto, na wasomi wa dunia walikuwa wakibishana juu yake.

Pamoja na mapya hayo kulikuwa na machungu. Mwaka 1918 bei ya mchele ilipanda hadi watu wakaingia barabarani kwa fujo. Homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia miaka hiyo iliua watu wengi Japani pia. Kisha, Septemba 1, 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, tetemeko kubwa la ardhi likaipiga Tokyo na Yokohama. Ilikuwa saa ya kupika chakula cha mchana, majiko yalikuwa yanawaka, na nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Moto ulimaliza kile ambacho tetemeko lilibakiza. Zaidi ya watu 100,000 walikufa.

Mji wa namna hiyo, uliokimbilia mambo mapya bila kupata nafasi ya kuyalilia ya jana, ni mahali ambapo mla ndoto hawezi kulala njaa.

Baku alitoka wapi

Baku hakuzaliwa Japani. Asili yake ni China, ambako maandishi ya kale yalimtaja mnyama mwenye mkonga wa tembo, macho ya kifaru, mkia wa ng'ombe na miguu ya chui milia. Kazi yake huko haikuwa kula ndoto. Alikinga watu na maradhi na mabaya. Mshairi maarufu wa China wa karne ya 9, Bai Juyi, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu ya kichwa, alimwomba mchoraji amchoree mnyama huyo kwenye kiwambo alichokuwa akijikinga nacho kichwani wakati wa kulala.

Imani hiyo ilipovuka bahari na kuota mizizi Japani, kinga ya maradhi iligeuka kuwa kinga ya ndoto. Watu walichora Baku kwenye mito ya kulalia, au waliandika tu alama ya jina lake. Mwaka mpya ulipoingia, watu waliweka chini ya mto picha ya jahazi la hazina, na mara nyingine tanga la jahazi hilo liliandikwa jina la Baku. Lengo lilikuwa kupata ndoto njema ya kwanza ya mwaka, ambayo Wajapani huiita hatsuyume. Anayeota mlima Fuji, mwewe au bilinganya huhesabu kuwa mwaka umeanza kwa heri.

Leo Baku yuko kila mahali. Tapiri, mnyama wa msituni mwenye pua ndefu kama mkonga mfupi, kwa Kijapani naye huitwa baku. Watoto wanaocheza au kutazama Pokémon wanamfahamu Drowzee, yule wa rangi ya njano anayekula ndoto. Huyo ni mjukuu wa imani hii hii.

Jina la Hiruko nalo linakumbusha jambo. Katika simulizi za kale za Japani, zilizoandikwa katika kitabu cha Kojiki mwaka 712, Hiruko ni mtoto wa miungu wawili walioviumba visiwa vya nchi hiyo. Alizaliwa na ulemavu, na wazazi wake wakamweka kwenye mtumbwi wa matete na kumwacha achukuliwe na maji. Hawakutaka kumtazama. Simulizi za baadaye zinasema hakupotea, alirudi ufukweni akiwa Ebisu, mungu wa wavuvi na wa bahati njema.

Baku aliyekataa kula

Mwandishi Lafcadio Hearn, aliyezaliwa Ugiriki mwaka 1850, akahamia Japani, akaoa huko na kufia Tokyo mwaka 1904, aliandika hadithi fupi juu ya Baku katika kitabu chake Kottō cha mwaka 1902. Katika hadithi hiyo, mtu anaamka usiku wa joto kutoka kwenye ndoto ya kutisha. Alikuwa ameota maiti inayofanana na yeye mwenyewe ikimrukia, naye akapambana nayo kwa shoka mpaka akaimaliza. Baku anatokea dirishani. Yule mtu anamsihi aile ndoto ile upesi.

Baku anakataa. Anamwambia kuwa hiyo ni ndoto ya heri, kwa sababu aliyoimaliza ni nafsi yake mbaya, na yeye hali ndoto za heri. Kisha anaondoka zake juu ya mapaa.

Wapo pia wanaosimulia kuwa Baku asiposhiba ndoto mbaya huendelea kula, akamaliza na matumaini ya mtu na matamanio yake. Ndiyo maana inashauriwa asiitwe ovyo. Mtu aliyelishwa tupu namna hiyo haoti mabaya, lakini hata mema hayaoti.

Sayansi inasema nini kuhusu ndoto mbaya

Madaktari wa usingizi hawana zimwi, lakini wanakubaliana na Hiruko kwa kiasi cha kushangaza.

Usingizi wa usiku una hatua zinazojirudia. Ndoto nyingi zenye picha kamili huja katika hatua ambayo macho hucheza chini ya kope, ubongo unafanya kazi karibu kama mtu aliye macho, na misuli ya mwili imelegezwa. Hatua hiyo huwa ndefu zaidi sehemu ya mwisho ya usiku. Ndiyo maana ndoto mbaya hupenda saa tisa na saa kumi, si saa nne.

Kwa watoto ndoto mbaya ni jambo la kawaida, hasa kati ya miaka mitatu na sita. Wakati huo mtoto ana mawazo mengi kuliko maneno ya kuyasema. Mtoto mwenye ndoto mbaya mara moja moja haumwi, na hakuna aliyemroga.

Kuna hali nyingine ambayo wazazi huichanganya na ndoto mbaya, nayo ni hofu ya usingizini. Hii hutokea mapema, ndani ya saa chache tangu mtoto alale, akiwa katika usingizi mzito. Mtoto hukaa kitako, hulia kwa sauti, macho yako wazi, moyo unakwenda mbio, lakini ukimwita hakutambui. Asubuhi hakumbuki chochote. Huyu asilazimishwe kuamka. Mzazi akae karibu, ahakikishe hajiumizi na asubiri ipite. Homa na uchovu wa kukosa usingizi huweza kuichochea.

Tofauti yake ni rahisi kuikumbuka. Mwenye ndoto mbaya huamka, anakufahamu na anaweza kusimulia. Mwenye hofu ya usingizini hajaamka, na hana la kusimulia.

Ya tatu ni ile ambayo Waswahili wanaiita jinamizi. Mtu anafumbua macho, anaona chumba chake, lakini hawezi kuinua hata kidole, na anahisi kitu kimemkalia kifuani. Wajapani wanayo pia, na wanaiita kanashibari, yaani kufungwa kama kwa minyororo. Kinachotokea ni kwamba akili imeamka kabla misuli haijafunguliwa kutoka kwenye usingizi. Hudumu sekunde chache au dakika chache, kisha hupita yenyewe. Hutokea zaidi kwa mtu aliyekosa usingizi, mwenye ratiba ya kulala isiyoeleweka, au anayelala chali.

Tiba inayofanana na kazi ya Hiruko

Kwa watu ambao ndoto mbaya imekuwa sugu, hasa baada ya tukio baya, ipo tiba isiyo na kidonge. Mgonjwa, akiwa macho na mchana, anaichagua ndoto moja inayomsumbua. Anaisimulia au kuiandika. Kisha anaibadilisha anavyotaka yeye: mlango uliokuwa umefungwa unafunguka, anayemkimbiza anageuka kuwa mtu anayemfahamu, au yeye mwenyewe anageuka na kuuliza, "Unataka nini?" Halafu kila siku, kwa dakika 10 hadi 20, anairudia ndoto mpya kichwani kama mtu anayefanya mazoezi ya igizo.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa daktari Barry Krakow na wenzake. Walishirikisha wanawake 168 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono na waliokuwa wakiteswa na ndoto mbaya. Waliopata mafunzo ya tiba hii, ambayo yalikuwa ya vikao vitatu tu, walipungukiwa na ndoto mbaya, usingizi wao ukawa bora, na hata dalili nyingine za kiwewe zikapungua kuliko kwa wale waliokuwa bado wanasubiri. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani, American Academy of Sleep Medicine, kiliipendekeza kwa watu wazima wenye tatizo la ndoto mbaya.

Ukiitazama vizuri, ndiyo kazi ya Ginseikan. Kwanza mtu anaingia kwenye ndoto akiwa na mwenzake. Pili anaitazama bila kukimbia. Tatu ndoto inapoteza meno.

Ndoto inapokuwa taarifa

Hapa ndipo maneno "ni ndoto tu" yanapoweza kugharimu. Mtoto wa miaka mitano hajui kusema "nina wasiwasi" au "nimeonewa". Anajua kusema ameota mbwa mkubwa. Wakati mwingine mbwa ni mbwa tu, aliyetokana na filamu aliyoitazama jioni. Wakati mwingine mbwa ni mtoto mwenzake anayempiga akienda shule, ni ugomvi wa baba na mama anaousikia ukutani, au ni mtu mzima anayemfanyia jambo ambalo ameonywa asiliseme.

Si kazi ya mzazi kutafsiri kila ndoto kana kwamba ni barua. Wala ndoto peke yake si ushahidi wa kumtuhumu mtu. Kazi ya mzazi ni kusikiliza. Ndoto inayorudi wiki baada ya wiki, inayoambatana na mtoto kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, kukataa kwenda mahali au kubaki na mtu fulani, kushuka kwa maendeleo darasani, au kuogopa kulala kabisa, inahitaji mtu mzima mtulivu na baadaye mtaalamu wa afya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mtoto hafichi maradhi kwa kupenda, huficha kwa sababu hakuulizwa.

Asubuhi ni wakati mzuri kuliko usiku. Usiku mtoto anahitaji kukumbatiwa, taa ndogo, maji ya kunywa na kuhakikishiwa kuwa yuko salama. Mchana, wakati wa kuchambua mchele au kumsuka nywele, mzazi anaweza kuuliza: "Ile ndoto ya jana ilikuwaje?" Kisha anyamaze. Mtoto asiyependa kuongea apewe karatasi na penseli. Akishachora, aulizwe angependa iishe vipi, na achore mwisho huo. Wapo watakaomvisha zimwi viatu vya kuchekesha. Wapo watakaojenga ukuta. Mwisho wowote ni sawa, mradi ameutunga mwenyewe.

Mambo ya kawaida nayo yasisahauliwe. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayelala pungufu huota vibaya zaidi. Simu na televisheni zizimwe mapema, na filamu za kutisha zisiwe jambo la mwisho analoliona kabla ya kulala. Mtoto anayekoroma sana na kuhema kwa shida usingizini apelekwe kituo cha afya, kwa sababu kukosa hewa usiku nako huvuruga usingizi.

Kwa watu wazima, dawa ni jambo la kuangaliwa. Efavirenz, iliyotumika kwa miaka mingi katika tiba ya VVU, inafahamika kwa kuleta ndoto kali. Mefloquine, dawa ya kuzuia malaria, nayo ina sifa hiyo, pamoja na baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama propranolol. Kuacha pombe ghafla baada ya kuinywa kwa muda mrefu pia huleta ndoto za kutisha. Anayeona ndoto zimeanza baada ya kuanza dawa asiiache mwenyewe. Amweleze aliyemwandikia, kwani mara nyingi ipo dawa nyingine au saa nyingine ya kumeza.

Je, mtoto avisome?

Mzazi anayekuta kitabu cha Hiruko kwenye begi la kijana wake anaweza kushtuka kuona zimwi, vifo na vyumba vya giza. Ni kweli si kitabu cha mtoto mdogo. Hadithi nyingine ni nzito, na mtoto wa darasa la pili atakipeleka kitandani pamoja na hofu yake. Kwa kijana wa sekondari ni jambo jingine. Kwake zimwi linaweza kufungua mazungumzo ambayo swali la moja kwa moja lisingeyafungua. Kijana asiyejibu akiulizwa "una nini siku hizi?" anaweza kujibu akiulizwa: "Huyu Hiruko angekuja kwetu, wewe ungempa ndoto gani?"

Ni vizuri pia mzazi asome kurasa kadhaa kabla ya kukinyang'anya. Atakuta kitabu hakimfundishi mtoto kuabudu mapepo. Kinamwambia kuwa kinachokutisha gizani kina jina, na kwamba ukienda kukitazama ukiwa na mtu mwingine, hakikuli.

Waswahili walishalisema hilo kwa njia yao: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida methali hiyo husemwa juu ya watu, kwamba anayekufahamu hata akikudhuru atakubakiza. Kwa ndoto inageuka upande wa pili. Zimwi unalolijua wewe, lenye jina na sura uliyokwisha kuichora kwenye karatasi ya daftari, ndilo halikumalizi.

Usiku mwingine utafika, na mtoto atakuja tena mbio chumbani. Mama amechoka, na daladala la alfajiri halimngoji mtu. Hakuna anayemdai asikilize hadithi yote saa tisa usiku. Amkumbatie, amlaze, na badala ya kusema "ni ndoto tu", aseme: "Lala, nipo hapa. Kesho utanisimulia."

Kisha kesho yake aulize.